Marashi ya Kipupwe: Safari ya Ikungi

Sisi watu tukaao pwani tukilisikia neno baridi, fikira zetu hukimbilia Lushoto, Njombe au miguuni pa Kilimanjaro, na ni wachache mno miongoni mwetu watakaoitaja Singida. Ramani huionyesha imekaa katikati ya Tanzania, katika nchi kavu yenye miiba na majabali, na asiyeifahamu hudhani kwamba huko ni jua kali mwaka mzima. Aliyepata kulala Ikungi usiku mmoja wa mwezi wa Julai hadanganyiki tena. Nchi ile imeinuka mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua zake huja msimu mmoja tu, kutoka Novemba mpaka Aprili au Mei, na zikisha kukatika, upepo hushika zamu yake, ukavuma juu ya uwanda mchana na usiku bila ya mlima wa kuuzuia. Joto ambalo mwezi wa Oktoba hufika nyuzi 30 hushuka mwezi wa Julai mpaka nyuzi 15, na kwa upepo ule mtu huziona nyuzi hizo 15 kama ni tano.

Nimezaliwa katika baridi hiyo. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Bagamoyo aliyepanda bara mwaka 1966 kumsaidia ami yake dukani Singida. Baadaye alifungua duka lake mwenyewe Ikungi, akaoa huko kwa Wanyaturu, wala hakurudi tena pwani ila kuzuru makaburi ya wazee wake. Siku hizo Ikungi kilikuwa kituo kidogo kando ya barabara ya Manyoni. Wilaya iitwayo kwa jina hilo imeundwa mwaka 2012 tu, ilipokatwa kutoka Singida Vijijini. Aliuza sukari, chumvi, mafuta ya taa, khanga na majembe. Kitu kimoja hakukiuza, ingawa wengi walimwomba, nacho ni marashi yake ya kipupwe.

Baba alikuwa na marashi ya namna mbili. Katika miezi ya joto alijitia hal waridi kidogo, au alijinyunyizia maji ya waridi kwa mrashi mmoja wa zamani aliotoka nao kwao. Ikiingia Juni, waridi lilifungiwa kabatini, akatoa kijaluba cha bati kilichokwisha kuchakaa pembeni, akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akasugua nyuma ya masikio, vifundoni mwa mikono, na ndani ya ukosi wa koti lake la sufu. Koti hilo lilikuwa refu, jeusi, la mtumba, akalivaa juu ya kanzu kwa muda wa miaka zaidi ya 40. Harufu yake ilikuja kwa daraja. Kwanza ilikupokea karafuu na mdalasini, kama ulioingia nyumba yenye arusi. Kisha ikafuata utamu mzito usio wa maua wala wa matunda. Mwisho kabisa, hata baada ya sala ya isha, ilibaki udi ndani ya nguo, nyuma ya yote, mfano wa mtu aliyeketi kimya barazani wenzake wakizungumza.

Wako watakaosema kwamba haya ni mapambo tu, na kwamba mtu wa bara mwenye ng'ombe na shamba hana haja nayo. Wanaosema hivyo hawajasali Ijumaa ya Julai Ikungi. Madirisha ya msikiti hufungwa kwa sababu ya upepo na vumbi. Watu huja na makoti na masweta yaliyolala karibu na moto wa kuni, mengine yamekwenda nao zizini alfajiri, nayo hayafuliwi mara kwa mara kwa kuwa hayakauki upesi mtu akabaki bila ya kitu cha kujifunika. Ongeza kwamba baridi huwafanya watu wengine kuyaogopa maji. Sote twajua kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliwakataza waliokula vitunguu na thomu mbichi wasiukaribie msikiti, na kwamba aliusia kuoga siku ya Ijumaa na kujitia manukato kwa mwenye nayo. Baba alikuwa akisema kwamba marashi ya Ijumaa si ya anayejipaka bali ni ya aliye kulia kwake na aliye kushoto kwake. Lakini alikuwa mkali juu ya jambo moja: marashi hayasimami mahali pa maji. Kwanza ndoo, kisha kijaluba.

Alifariki mwezi 10 Ramadhani mwaka 1446, yaani Machi 2025. Sitaeleza mengi juu ya siku zile. Tulimzika Ikungi, nami nikarudi Dar es Salaam kwenye kazi yangu, na mama akabaki katika eda yake. Kama Qurani ilivyoeleza katika sura ya Al-Baqara, eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na mwenye eda hiyo hujiepusha na mapambo na manukato. Mama aliishika barabara. Walikuja jirani wakimwambia kwamba udi kidogo wa kufukiza chumba hauna neno. Akawashukuru, akawaomba wauweke. Akalichukua koti la baba, akalikunja, akalitia katika sanduku la mbao, akalifunga kwa ufunguo, ili lisimjie puani kila aingiapo.

Katikati ya eda alinipigia simu. Warithi sote tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba koti lile apewe muadhini wa msikiti wa jirani, mzee wa Kinyaturu aliyekuwa rafiki wa baba tangu ujana, ambaye hutoka nyumbani kwake saa kumi ya usiku katika upepo ule. Mama akasema, "Mwanangu, siku nitakayotoka edani nataka koti la baba yako litoke sandukuni likinukia kama alivyokuwa akilivaa. Kisha ndipo mlitoe. Kijaluba chake kimekwisha, kimebaki ukoko tu."

Nikamwambia, "Inshaallah, Mama, nitaleta." Nilijibu haraka, kwa sababu nilidhani ni jambo la kwenda Kariakoo na kurudi.

Nilikwenda Kariakoo mwezi wa Aprili. Katika duka la kwanza kijana muuzaji alinielewa kuwa nataka kitu cha baridi, kitamu, chenye viungo, cha mwanamume, akanitolea chupa kubwa ya kupuliza yenye maandishi ya dhahabu, akaapa kwamba ni udi mtupu kutoka Uarabuni. Bei yake peke yake ilitosha kunionya. Udi wa kweli ni kitu kigumu kupatikana. Hutoka katika miti ya Asam, Kambodia na nchi za jirani, ambayo ikiwa mizima haina harufu ya kutajika. Mti ukiumia na ukuvu ukaingia jerahani, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi mzito, na mbao iliyolowa utomvu huo ndiyo udi. Watu wameikata miti hiyo kwa tamaa, hata biashara ya jamii mojawapo ikatiwa katika mkataba wa mataifa wa kulinda viumbe mwaka 1995, na ya jamii zote za mti huo mwaka 2005. Chupa ya kupuliza ya bei ya kilo chache za nyama haiwezi kuwa na kitu hicho kwa wingi.

Tena chupa ile ilikuwa na spiriti. Katika jambo hili wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana: wako wanaoihesabu spiriti ya marashi kuwa ni najisi kama mvinyo, na wako wanaoona kwamba haimo katika hukumu hiyo. Baba hakupenda kumlaumu aliyeitumia, lakini yeye mwenyewe alisema kwamba maadamu mafuta yapo, hana haja ya kupita mlango wenye shaka. Nami naongeza sababu isiyo ya fikihi. Spiriti huruka upesi na kuipoza ngozi inaporuka. Mtu aliyejipulizia alfajiri ya Ikungi huongeza baridi juu ya baridi, na nusu ya harufu huondoka na upepo kabla hajafika mlangoni pa msikiti.

Basi niliamua kuyatengeneza mwenyewe. Nilinunua karafuu, mdalasini, iliki na vipande vya sandali, nikavitia katika mafuta ya ufuta, nikaweka chupa juani siku nyingi kama nilivyokumbuka kumwona baba akifanya. Nikachuja, nikatia matone machache ya mafuta ya makonyo. Makonyo ni vile vikonyo vya karafuu vinavyobaki zikisha kuchambuliwa. Huko Wawi, Pemba, kipo kiwanda kinachokamua mafuta yake kwa mvuke, na ukali wa mafuta hayo ni mkubwa hata yakigusa ngozi peke yake huiunguza. Kisha nikatia haludi nusu tola, niliyonunua kwa muuzaji mzee ambaye angalau alikiri kwamba imechanganywa.

Matokeo yake yalikuwa fedheha. Nilijipaka asubuhi moja kabla ya kupanda daladala, na katika joto la Dar es Salaam harufu ile ikapanda kama uji unaofurika sufuriani. Abiria mmoja akafungua dirisha. Niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza kwa adabu kama nimeumwa jino.

Sikufahamu wakati ule kwamba kosa lilikuwa la mji kuliko la chupa. Harufu si kitu ila chembe ndogo mno zinazoruka kutoka katika kitu kinachonukia zikaingia puani, na kinachozirusha ni joto. Limau, chungwa na waridi zina chembe nyepesi, huruka hata kwa joto dogo, na kwa hivyo hufaa pwani, ambapo huja na kwenda upesi zikamwacha mtu na hewa safi. Udi, sandali, ambari na utomvu wa miti zina chembe nzito. Katika joto la pwani, zikipakwa bila kipimo, zote huondoka kwa pamoja zikamziba mtu pumzi. Katika baridi huondoka kwa uchache, moja baada ya moja, siku nzima, ilhali limau na waridi hufifia hata mtu asizisikie. Wazee wetu hawakuziita chembe, lakini walijua, na ndiyo sababu baba alikuwa na kabati lenye misimu miwili.

Nilisafiri wiki ya kwanza ya Julai. Gari la umeme la reli mpya, linalokwenda Dodoma tangu Julai 2024, hukufikisha huko kwa saa tatu na kitu, mwendo ambao kwa misafara ya zamani iliyotoka kwetu Bagamoyo ulikuwa wa majuma. Kutoka Dodoma nilipanda basi. Barabara huteremka kwanza hadi Bahi, kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga, ikapita Kintinku, kisha huukabili ukuta wa Bonde la Ufa na kuupanda kwa mizunguko. Juu ya ukuta huo, upande wa kusini, iko Kilimatinde, na mbele yake ndipo lilipoanzia pori la Mgunda Mkali lililoogopwa na wapagazi kwa kukosa maji. Wapagazi hao walichukua nguo, shanga na nyaya kwenda Unyanyembe, wakarudi na pembe za ndovu. Na hapana shaka kwamba katika mizigo ya mabwana wa misafara palikuwamo pia ubani na udi, maana Mwislamu wa pwani hakuenda popote bila ya chetezo. Ninapendezwa kufikiri hivyo, ingawa baba yangu alikuja kwa lori.

Manyoni tulikunja kwenda kaskazini. Tukapita Mkiwa na Issuna, na hapo nikaanza kuyaona mambo ya kwetu: majabali makubwa ya mviringo yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, magunia ya alizeti yakingoja mashine za kukamulia, wanawake wenye chupa za asali kando ya barabara, na kuku wa kienyeji ambao hakuna abiria anayepita Singida asiyewauliza bei. Niliposhuka Ikungi jua lilikuwa linakuchwa. Upepo ulinipiga kifuani, na mkononi nilikuwa na kikoti cha Dar es Salaam ambacho ni pambo tu.

Mama nilimkuta amekonda lakini yu imara. Siku zake zilikuwa zimebakia chache. Sikumwonyesha chupa yangu, kwa kuwa mwenye eda hapelekewi manukato, na kwa kuwa nilikuwa naionea haya. Asubuhi yake nilikwenda kwa yule muadhini, nikamkuta ameketi juani, mgongo kwenye ukuta wa tembe yake ya zamani ambayo sasa ni ghala. Baada ya kuamkiana na kuombeana nikamweleza haja yangu, nikampa chupa ainuse.

Aliinusa kwa muda mrefu. Akasema, "Karafuu ipo. Mdalasini upo. Iliki, sandali, haya yote ni ya baba yako. Lakini mwanangu, umeleta mchuzi, nyama yake i wapi?"

Nikamwambia sikufahamu. Akaniuliza, "Baba yako alikuwa akimimina au akichota?"

Ndipo nilipokumbuka kijaluba na ile ncha ya kidole. Nilikuwa nimekiona tangu utotoni, na siku zote nilidhani kwamba kilichokuwamo ni mafuta yaliyoganda kwa baridi au kwa ukongwe. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na donge la nta ya nyuki, la manjano, kubwa kama ngumi.

Mzee huyu ni mfuga nyuki, kama alivyokuwa babake. Mizinga yake ni ya magogo yaliyochimbwa, huitundika katika miti ya pori upande wa magharibi, na huirina baada ya mvua, maua ya miti yakisha kupita. Asali ikisha kukamuliwa, masega hutokoswa katika maji, nta ikaelea, ikachujwa kwa kitambaa na kuachwa igande. Nta iliyofanywa hivi pasipo kusafishwa mno hubaki na harufu ya asali, pamoja na kidogo cha moshi uliotumiwa kuwatulizia nyuki. Nilipoiweka puani niliutambua ule utamu wa katikati, usio wa maua wala wa matunda, ambao kwa miezi mitatu nilikuwa nikiutafuta madukani Kariakoo, na ambao katika fikira zangu za kitoto ulikuwa umetoka Makka. Ulikuwa umetoka hatua 200 kutoka dukani kwetu.

Baba, kwa maelezo ya rafiki yake, alifika Ikungi na mafuta ya viungo kama yale ya kwao Bagamoyo, na kipupwe cha kwanza yakamshinda. Upepo uliikausha ngozi yake ikapasuka, na ngozi kavu haishiki harufu. Mafuta yaliruka au yakafutika kwenye nguo kabla ya adhuhuri. Muadhini, ambaye wakati huo alikuwa kijana asiyejua kuadhini, alimfundisha kutia nta, kama wao walivyotia katika mafuta ya kupaka miguu iliyopasuka. Viungo vya pwani vikaoana na nta ya bara, na kwa muda wa karibu miaka 60 watu wa msikiti ule walidhani ni siri ya Waarabu.

Tulifanya kazi ile nyumbani kwake, ili harufu isimfikie Mama kabla ya siku yake. Kwa faida ya wasomaji watakaotaka kujaribu, nitaeleza jinsi alivyofanya. Alichukua sehemu moja ya nta kwa sehemu tano za mafuta. Hakuweka chombo motoni, kwa kuwa nta hushika moto kama mafuta ya taa. Alitia maji katika sufuria kubwa, akaweka ndani yake bakuli la bati lenye nta, akangoja iyeyuke, nayo huyeyuka kwa nyuzi 62 hivi, mbali kabisa na mchemko wa maji. Ilipokuwa maji akamimina mafuta ya viungo polepole, akikoroga kwa kijiti. Haludi alitaka itiwe mwisho, bakuli likisha kuondolewa jikoni, maana moto huila. Yakamiminwa katika kijaluba cha baba, ambacho nilikuwa nimekiomba kwa Mama bila kumweleza kwa nini, na katika muda wa kunywa chai yalikuwa yameganda, yenye rangi ya samli. Kwa mtu wa pwani nta iongezwe kidogo, na kidole kipunguzwe.

Nilijipaka palepale. Kwa dakika kadhaa sikusikia ila karafuu. Nikazungumza na mzee habari za mavuno, tukaenda kuangalia mizinga mipya aliyokuwa akiichimba, na tuliporudi, upepo ukiwa bado unavuma, baba yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hili. Niligeuka.

Mama alitoka edani mwezi 20 Muharram, katikati ya Julai. Walikuja shangazi na majirani tangu asubuhi, akaoga, akavaa nguo mpya, akasomewa dua. Wanawake walimpaka manukato yao, wakafukiza udi katika chetezo, nyumba ikawa kama ilivyokuwa. Walipokwisha kuondoka akaniita, akanipa ufunguo wa sanduku. Lile koti lilipofunguliwa halikuwa limepoteza kila kitu. Ndani ya bitana, chini ya kwapa na katika ukosi, udi wa miaka mingi ulikuwa ungalimo, kwani sufu hushika harufu nzito kuliko ngozi. Nikatoa kijaluba, nikasugua ndani ya ukosi kama nilivyomwona baba akifanya, nikampa Mama koti.

Alilishika kwa mikono miwili, akaliinamia. Nikangoja hukumu yake kama mwanafunzi aliyepeleka ubao wake kwa maalim.

Akasema, "Karafuu imezidi."

Nikasema, "Nisamehe, Mama."

Akasema, "Baba yako naye alizidisha kila mwaka, akaisingizia mizani." Kisha akajifunika uso kwa mtandio, nami nikatoka nje kwenda kutazama mbuzi ambao hawakuwa na haja ya kutazamwa.

Jioni ile tulimpelekea muadhini koti lake. Kijaluba Mama alikizuia. Alisema kitakaa kwake, na kila Juni mzee atume mtoto na chombo aje achotewe. Siku nitakapokuja mimi nilete karafuu na haludi, nta itatoka kwa mzee.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nililala chumba cha mbele. Saa kumi nilisikia mlio wa lango la jirani, halafu viatu juu ya changarawe. Nyumba yetu iko kwenye njia ya kwenda msikitini. Mama alikuwa amekwisha kuamka, nikamsikia akikohoa chumbani kwake, kisha akaniita.

"Umelala?"

"La, Mama."

"Fungua hilo dirisha."

Nikamwambia kwamba kuna baridi kali, atapata kifua. Akasema nifungue. Upepo ukaingia na vumbi lake, taa ya kibatari ikazimika, na kwa muda mdogo, kabla viatu havijafika kona, pakawa na karafuu nyumbani.

Mama akasema, "Mwambie akitoka kusali apite anywe uji."